Mgeni wa Siku ya Tatu

Karibu na Kendu Bay, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, kuna ziwa dogo lililotuama ndani ya shimo la volkano. Maji yake ni ya magadi, hayafai kunywa, na heroe huyafuata kwa ajili ya mwani. Wataalamu wa miamba wana maelezo yao kuhusu jinsi lilivyotokea. Wenyeji wana yao, na wanaliita Simbi Nyaima. Wanasema hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa kwenye pombe na ngoma, akaja bibi kizee asiyejulikana, amechoka, akaomba mahali pa kuketi na kitu cha kutia kinywani. Wakamcheka, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi akamwambia mwanamke yule awachukue watu wake waondoke, na kabla ya kupambazuka mvua ikashuka, ardhi ikazama, kijiji kikawa maji.

Kila msimulizi huongeza hiki na kupunguza kile, lakini kosa la kijiji halibadiliki. Hawakuangamia kwa sababu ya kuwatupa mama zao. Waliangamia kwa kumkataa mzee ambaye hakuwa wa mtu yeyote pale. Hilo hunijia kila ninapomsikia mtu wa Kisumu akisema kwamba nyumba ya wazee ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi hatuna desturi ya kumwacha mzee alelewe na watu baki. Mojawapo ya hadithi zinazojulikana sana katika ukanda huu inamhusu mzee aliyebisha hodi kwa watu baki, na inawalaani waliomfungia mlango.

Hata hivyo aibu ipo, na ni kali. Mtu akisikia kwamba mwalimu fulani mstaafu amepelekwa kwenye makao ya wazee, swali la kwanza ni: kwani hana watoto? La pili halisemwi kwa sauti: aliwakosea nini? Ndiyo maana makao ya aina hiyo ni machache nchini, na mengi yanayojulikana yako mbali na Ziwa Victoria. Kule Kasarani, Nairobi, masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1839, wanaendesha nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee. Kule Kariobangi iko nyumba ya wazee ya Cheshire, ambako Kimani Maruge alihamia mwaka 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi kumng'oa Eldoret. Huyu ndiye mzee aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alipofika Nairobi hakuketi kwenye benchi kungoja chakula cha mchana. Alitafuta shule nyingine ya msingi akaendelea na masomo hadi ugonjwa ulipomzidi mwaka 2009. Ukivuka ziwa hili hili hadi upande wa Tanzania, katika wilaya ya Misungwi, serikali ina makazi ya wazee Bukumbi. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Majirani zetu, basi, wamekwisha kuizoea fikra hii, kwa mema yake na mabaya yake.

Kisumu nayo ina nyumba za wazee nyingi kuliko inavyokiri. Hazina kibao mlangoni tu. Ipo ile ya Milimani, ambamo mjane wa afisa wa zamani wa reli anaishi na msichana wa kazi, na watoto walioko Nairobi na Marekani wanatuma pesa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Ipo ile ya Nyalenda, chumba kimoja cha mabati, ambamo bibi analala na wajukuu wanne. Ipo ile ya Seme au Nyakach, boma lenye nyumba tatu, mbili zimefungwa kwa kufuli, na katika ya tatu mzee anaishi peke yake, jirani akimchungulia jioni kuona kama moshi umetoka jikoni. Hizo ndizo nyumba zetu za wazee. Zinaendeshwa bila leseni, bila zamu, na mara nyingi mhudumu wake ni msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuna aliyemfundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Maisha ndani ya nyumba hizo hayatofautiani sana na maisha ya makao yenye kibao. Mzee halali sana. Saa kumi za usiku amekwisha kuamka, anakohoa, anatafuta swichi ya redio iliyo karibu na mto. Kunapokucha anataka uji, na lazima ale kitu kabla ya kumeza vidonge vya presha. Maji ya kuoga yapashwe moto. Njia ya choo cha nje ifagiliwe, kwa maana jiwe dogo linatosha kumvunja nyonga, na nyonga ikivunjika mambo mengi huvunjika nayo. Halafu huja saa ndefu za mchana, kiti kikihamishwa kufuata kivuli cha mwembe. Katika saa hizo redio husoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo: fulani mwana wa fulani, wa mahali fulani, ameacha wajane wawili, mazishi Jumamosi. Kijana akisikia matangazo hayo hubadilisha stesheni. Kwa mzee ni daftari la mahudhurio; jina likitajwa anaitikia kwa moyo, anahesabu waliobaki wa rika lake, kisha anaomba chai.

Kuna kazi moja katika nyumba hizo ambayo haizungumzwi hadharani, nayo ni ya kumwogesha. Wanaosema kwamba mzee alelewe na jamaa zake tu huwa hawajafika hapo. Heshima kati ya mkwe na mkwe katika nchi ya Wajaluo si mchezo. Mke wa mwana atampikia baba mkwe wake, atamfulia, atampigia magoti akimpa maji ya kunawa, lakini kumvua nguo ni jambo lingine kabisa. Binti wa mzee yuko kwa mumewe. Mwana yuko kazini Nairobi, na hata angekuwepo, wapo akina baba ambao wangechagua kukaa na uchafu siku tatu kuliko kushikwa na mwana wao wa kiume. Mtu baki anaweza pale ambapo jamaa hawezi. Mkono wa mhudumu aliyeajiriwa, usio na undugu, unamwachia mzee heshima yake mbele ya watoto wake. Nadhani mila yenyewe inadai awepo mtu wa nje, ingawa wanaoitetea mila hawasemi hivyo.

Tena kuna sababu nyingine ya kumtafuta mtu huyo wa nje, ambayo haikuletwa na mila. Ukimwi uliupiga ukanda huu kuliko sehemu yoyote ya Kenya. Hata katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, miaka mingi baada ya dawa kuenea, kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima kilikuwa asilimia 19.6 katika Homa Bay, 17.5 katika Kisumu na 15.3 katika Siaya, wakati nchi nzima kilikuwa 4.9. Mwanamke aliyekuwa na miaka arobaini na mitano mwaka 1995, akizika watoto wake mmoja baada ya mwingine, leo anakaribia themanini. Alipomaliza kuwazika aliwachukua watoto wao. Akalima, akauza omena soko la Kibuye, akalipa karo, akajifunza ratiba ya vidonge vya mjukuu aliyezaliwa na virusi. Sasa yeye ndiye anayehitaji kushikwa mkono kwenda msalani, na mikono iliyostahili kumshika, ya binti wa miaka hamsini na mitano, ya mke wa mwana wake wa kwanza, iko chini ya ardhi, hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Mjukuu aliyemlea ana miaka thelathini, anaendesha bodaboda Kondele, ana watoto wadogo na chumba kimoja cha kupanga. Ukimuuliza mwanamke huyo kama hana watoto, umemuuliza swali la kikatili.

Zamani, muda mrefu kabla ya msiba huo, bibi kizee wa Kijaluo alikuwa na mahali pake na kazi yake. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, waliandika kwa kirefu juu ya siwindhe, ile nyumba ya boma ambamo watoto walilala pamoja na mwanamke mzee aliyeitwa pim. Jioni, baada ya kula, watoto walikusanyika kwake. Aliwapa vitendawili na ngano, aliwafundisha nani ni nani katika ukoo na nani haolewi na nani, aliwaeleza wasichana mambo ambayo mama hawezi kumweleza bintiye. Mara nyingi pim hakuwa wa damu ya boma lile. Alitoka kwingine; pengine alikuwa mjane, pengine alifika kama mgeni asiye na kwake. Ndani ya boma la wanaume wenye ardhi na majina, yeye hakuwa na ardhi wala jina. Alikuwa na watoto wasiolala bila yeye.

Hiyo, kwa macho yangu, ilikuwa nyumba ya wazee. Mwanamke aliyekwisha kuzeeka anapewa paa, moto na chakula katika nyumba ya watu baki, hadi mwisho wa maisha yake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwita mzigo. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi huichukua methali hiyo kama mzaha wa kumfukuza mgeni kwa adabu. Isome tena kwa upande wa mgeni. Siku mbili anahudumiwa, na kila sahani anayowekewa inamkumbusha kwamba si wa pale. Jembe ndilo linalomfanya mwenyeji. Pim alipewa jembe lake: watoto. Tunapojenga makao ya kisasa tunampa mzee kitanda, blanketi, televisheni na mlo mara tatu, kisha tunamwacha katika siku ya pili ya ugeni miaka kumi mfululizo.

Siwindhe zilipungua kadiri shule za misheni zilivyoongezeka katika karne iliyopita. Mtoto akajifunza kusoma mchana na kulala bwenini usiku, na bibi akabaki na hadithi zake. Hata hivyo kazi ya pim haikufa. Grace Ogot, mwandishi mashuhuri kutoka Nyanza, alizichota ngano zake kwa bibi yake kabla ya kuziandika kwa Kiingereza. Na mfano mkubwa kuliko yote uko Nyang'oma Kogelo. Mama Sarah Obama hakuwa bibi wa Barack Obama kwa damu. Alikuwa mke mwingine wa babu yake, Hussein Onyango, na ndiye aliyemlea baba yake Barack. Lakini kijana yule alipofika Kogelo kutoka Marekani kutafuta asili yake, aliyemsimulia habari za ukoo kizazi kwa kizazi ni yeye, na masimulizi hayo yamo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo ule, asiye na damu yake, ndiye aliyekuwa mlangoni mwa historia yake. Aliendelea kuwalea mayatima pale nyumbani hadi uzee wake wa mwisho, na alipofariki Machi 2021, katika hospitali ya Jaramogi jijini Kisumu, alikuwa amekaribia miaka mia. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anamtunza Mama Sarah bila pia kujua Mama Sarah anawatunza akina nani.

Lakini liko jambo moja ambalo hata siwindhe haikulimaliza, nalo ndilo linalozitisha familia nyingi kuliko chakula na dawa. Mzee akifia kwenye nyumba hiyo, atazikwa wapi?

Wakenya wa rika fulani hawahitaji kukumbushwa kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ilisikiliza wazee, mchimba makaburi, hata mwanafalsafa Odera Oruka, na nchi nzima ikafuata kila neno magazetini. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano kabla ya kuzikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Cohen na Atieno Odhiambo, wale wale waliotuandikia habari za pim, walikiandikia kisa hicho kitabu kizima. Sioni kama ni bahati tu. Anayetaka kuelewa uzee ziwani lazima apite milango yote miwili, wa nyumba inayompokea mzee na wa kaburi linalomngoja.

Kwa mwanamume mwenye boma, jibu linajulikana. Kwa mwanamke aliyeachana na mumewe akarudi kwao, desturi ni ngumu: mara nyingi hazikwi ndani ya boma la baba yake, bali nje ya ua. Wapo akina mama wazee wanaovumilia mateso katika ndoa iliyokufa zamani, kwa sababu moja tu, wasije wakazikwa nje ya ua. Mwanamke kama huyo ukimwahidi chumba safi na muuguzi, atakushukuru na kukataa. Hajakataa chumba. Ameona kwamba hukumwambia mwisho wake.

Na hapa ndipo heshima yetu inapoonyesha sura isiyopendeza. Desturi inataka mtu mzima awe na nyumba katika boma lake kabla ya kuzikwa. Akifa bila nyumba, inajengwa upesi. Nani wa huku hajaona? Mzee ameishi miaka kumi chini ya paa linalovuja. Siku anapofariki, kamati ya mazishi inakutana Nairobi, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, michango inatiririka, na mafundi wanafika na mabati mapya. Kwa siku chache nyumba imesimama, mlango umepakwa rangi, maiti inatolewa mochari na kulazwa ndani yake usiku mmoja. Siku ya mazishi kuna mahema, ng'ombe, vipaza sauti na magari kutoka pembe zote. Sikejeli matanga, msiba ni wa kila mtu, na kumsindikiza marehemu ni utu. Nasema tu kwamba fedha za nyumba ile zilikuwepo. Mikono ya kuijenga ilikuwepo. Kilichokosekana ni aibu ya kumwacha akiwa hai, kwa sababu aibu yetu yote tumeiweka akiba kwa siku ya mazishi.

Sheria imejaribu kuhamisha sehemu ya aibu hiyo. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, ya kujiendeleza, ya kuishi kwa hadhi bila kudhulumiwa, na ya kupata malezi na msaada wa kiasi kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Tazama mpangilio wake. Kushiriki na kujiendeleza kumetangulia. Malezi yamekuja mwisho. Walioiandika walijua kwamba mtu wa miaka sabini bado ana jambo la kufanya. Katika utekelezaji tumeanza na la mwisho, tena kwa kijiko. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii unawapa wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki shilingi 70 kwa siku, na mara nyingi zinachelewa. Zanzibar ilitangulia na pensheni ya wazee wote wa umri huo mwaka 2016. Fedha hizo ni chache, lakini zimefanya jambo ambalo hotuba haziwezi: bibi anayezipokea ana kitu cha kumtuma mjukuu dukani, na anayetuma mtoto dukani bado ni mwenye nyumba.

Basi nyumba ndogo ya wazee ingekuwaje katika ukanda huu wa ziwa, Ahero, tuseme, au Dunga, au Bondo? Isiwe kubwa, wazee wanane au kumi, ili kila mmoja ajulikane anapenda ugali wa mtama au wa mahindi. Wahudumu walipwe na wafunzwe, kwa kuwa kumgeuza mtu kitandani bila kumchubua ni ujuzi. Iwe karibu na bomba la maji na zahanati. Siku mzee anapoingia, kabla ya kuandikwa jina la dawa zake, aulizwe mwenyewe anataka kuzikwa wapi, iandikwe, na ndugu au chifu atie sahihi. Ukishamwondolea hofu hiyo atalala, na wewe utalala.

Zaidi ya yote isijengwe peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto, pamoja na afya ya msingi. Tangu Septemba 2023 wapo pia wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba hadi nyumba na mikoba yao. Vipande vyote vya siwindhe, basi, viko chini ya serikali moja ya kaunti, ila vimekaa mbalimbali: watoto hapa, na wazee popote walipoangukia. Ua wa chekechea na ua wa wazee ukiwa mmoja, bibi aliyelea wajukuu sita hataketi akisubiri saa saba ya chakula. Atakuwa anamtafutia mtoto kiatu, anamwambia jina la ndege aliye juu ya mti, anamkataza kula embe bichi. Wengine hawataweza, wapo ambao akili imekwisha kutangatanga, wasiomkumbuka hata mwana wao. Nao watasikia kelele za watoto, na mtoto wa miaka minne hajali kama bibi amemwita kwa jina la mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba nyumba kama hiyo itawapa wana wavivu kisingizio. Huenda. Lakini mwana mvivu tayari anacho kisingizio, anaishi nacho Nairobi, na mama yake anakilipia kijijini. Wenye kuteseka ni wana wasio wavivu, wanaotuma nusu ya mshahara, wanaosafiri usiku kucha kwa basi kila wanaposikia mama ameanguka, na bado wanaogopa kuonekana kwamba wamemtupa. Siku aibu itakapohama kutoka kwa mtoto aliyempeleka mzazi wake kwenye nyumba nzuri, ikaenda kukaa kwa yule asiyemtembelea popote alipo, kazi ngumu itakuwa imekwisha. Itakayobaki ni ya mafundi, wauguzi na wapishi, na hao Kisumu inao.